WAYA SI WAYA TU



Katika yadi moja ya konkriti, ambayo jina lake tunaliacha, mwenzetu mmoja alifukuzwa kazi kwa sababu ya ukucha wake. Yadi hiyo hutengeneza mihimili midogo ya sakafu, ile inayopangwa na matofali katikati kisha ikamwagiwa konkriti juu. Asubuhi hiyo lilifunguliwa roli jipya la waya. Mwenzetu, ambaye ameifanya kazi hii miaka mingi, alipitisha ukucha wake juu ya waya kama afanyavyo siku zote, na ukucha haukukwama mahali popote. Waya ulikuwa laini kama sindano ya kushonea. Waya wa juma lililopita ulikuwa na vibonyeo, yaani vile vishimo vidogo vilivyopangwa kwa mistari toka mwanzo wa waya hata mwisho wake.

Akamwita mnyapara. Mnyapara akautazama, akasema, "Waya ni waya, unene ni ule ule. Vuta." Mwenzetu akajibu kwa heshima, "Mzee, naomba mhandisi auone kwanza." Mhandisi hakuitwa. Jioni mwenzetu akalipwa siku zake akaambiwa asirudi. Waya ukavutwa na wengine na konkriti ikamwagwa. Siku ya kulegeza waya, ncha zake zilizama ndani ya konkriti hata ungeweza kuingiza ncha ya kalamu katika matundu yaliyobaki. Mihimili ya kitanda kizima ikaburutwa nyuma ya yadi ikavunjwa. Simiti, kokoto, waya na kazi ya watu ya siku tatu vikapotea. Mwenzetu hakuitwa tena.

Twaiandika habari hii kwa sababu wengi wetu tunavuta waya kila siku, na ni wachache walioelezwa vibonyeo vile ni vya nini. Wako wanaodhani ni alama ya kiwanda. Wako wanaodhani ni pambo. Sisi twasema kwamba mfanyakazi anayeshika waya yampasa aijue kazi ya vibonyeo, apewe ruhusa ya kuukataa waya mbaya, wala asipoteze mshahara wake kwa kuukataa. Tutaeleza sababu zetu moja moja, nanyi mpime wenyewe.

KAZI YA WAYA

Konkriti ni kama jiwe. Ukiibana ina nguvu sana, lakini ukiivuta au kuipinda hupasuka upesi. Ndiyo maana hutiwa chuma. Katika konkriti ya kawaida chuma hulala ndani kikingoja mzigo. Katika konkriti ya waya wa kuvutwa mambo ni mengine. Waya huvutwa kwa jeki kabla ya konkriti kumwagwa, ukashikwa na kabari kwenye nguzo za mwisho wa kitanda, na konkriti humwagwa huku waya umekazwa. Konkriti ikisha kupata nguvu, waya hulegezwa. Hapo waya hutaka kurudi ufupi wake wa zamani, lakini umekwisha kushikwa. Basi huibana konkriti toka ndani, usiku na mchana, miaka yote ya maisha ya kitu kile. Mzigo ukija, lazima uushinde kwanza mbano huo kabla haujaipasua konkriti.

Maarifa haya si ya jana. Mhandisi Mfaransa, Eugène Freyssinet, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1928. Katika miaka ya 1930 Mjerumani, Ewald Hoyer, aliiendeleza kazi kwa kutumia waya mwembamba sana, wa namna ya ule wa piano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mbao zilipoadimika Uingereza, watu wa reli huko wakaanza kujaribu mataruma ya konkriti ya namna hii. Leo yako duniani kote, na hapa kwetu reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, imelala juu ya mataruma ya konkriti. Wazee wetu wa reli ya zamani walizoea mataruma ya chuma. Taruma la chuma likiwa na kasoro, mtu wa genge aliiona kwa macho. Taruma la konkriti huficha waya wake, na kasoro yake huzikwa pamoja nao.

Sasa tazameni hesabu. Waya wa milimita 5 ni mwembamba kuliko penseli. Lakini chuma chake ni kigumu, nao huweza kustahimili karibu tani 3 na nusu kabla ya kukatika. Yadini tunauvuta kufikia kama sehemu 70 katika 100 za nguvu hiyo, yaani karibu tani 2 na nusu kwa waya mmoja. Kwenye kitanda cha mita 100 waya huo hurefuka kama sentimita 60. Kila aliyesimama karibu na jeki amekwisha kuona jambo hili, na anajua kwa nini hatutaki mtu apite nyuma ya kabari wakati wa kuvuta. Waya uliokazwa hivyo ukikatika au ukichomoka, hurudi kama mjeledi, na hauulizi nani ni mnyapara na nani ni kibarua.

Taruma lenye nyaya 20 za namna hiyo hubanwa kwa nguvu ya karibu tani 50. Tani 50 zote hizo zimeshikwa na nini? Hapo ndipo penye neno letu.

KINACHOUSHIKA WAYA

Katika kazi hii ya kuvuta kabla ya kumwaga, hakuna nati wala bamba la chuma kwenye ncha ya mhimili. Kabari zile za kitandani hubaki kitandani. Waya ukisha kukatwa, hushikwa na ngozi ile tu ambapo chuma hugusana na konkriti.

Mambo matatu hufanya kazi hapo. Kwanza, simiti hunata juu ya chuma. Kunata huku ni kudogo, na waya ukisogea hata kidogo huachia. Pili, waya ukivutwa hupungua unene kidogo, kama mpira unavyopungua ukiuvuta. Ukilegezwa, zile ncha zake hutaka kunenepa tena. Konkriti iliyouzunguka huuzuia, na hivyo waya hujikaza kama kabari. Wahandisi huliita jambo hili kwa jina la yule Hoyer. Tatu ni vibonyeo. Uji wa simiti na mchanga laini huingia ndani ya kila kishimo, ukakauka humo, ukawa jino. Waya ukitaka kuteleza lazima uyavunje meno hayo moja moja, nayo yako maelfu.

Na sasa sikieni ukubwa wa kibonyeo. Kina chake ni kama sehemu 10 hadi 15 katika sehemu 100 za milimita moja. Huo ni unene wa karatasi moja tu ya kuandikia barua, au zaidi kidogo. Watu hutembea juu ya sakafu, na magari-moshi hupita juu ya mataruma, kwa kutegemea vishimo vyenye kina cha karatasi. Lakini ukucha wa mtu huvihisi. Ndiyo maana tulisema mwenzetu alifukuzwa kwa sababu ya ukucha wake, na ukucha ule ulikuwa unasema kweli.

Ziko nyaya za namna nyingine. Iko kamba iliyosokotwa kwa nyaya saba, ambayo hujishika kwa msokoto wake, na hutumika sana kwenye mihimili mikubwa ya madaraja. Uko waya uliokunjwa-kunjwa kama mawimbi, na uko wenye mbavu zinazouzunguka. Kila mmoja una mahali pake. Jambo letu ni moja: kama mchoro wa mhandisi umeandika waya wa vibonyeo, basi uletwe waya wa vibonyeo, maana hesabu yote ilifanywa kwa ajili ya waya huo.

KINA KIKIZIDI NACHO NI HATARI

Asidhani mtu kwamba twadai vibonyeo virefu kupita kiasi. Hapo nasi tungekosea.

Watu wa Chuo Kikuu cha Kansas State, huko Marekani, wamelichunguza jambo hili katika karne hii kwa ajili ya mataruma ya reli. Walichukua aina zaidi ya kumi za waya wa milimita 5.32, wakapima umbo la vibonyeo vya kila aina kwa vyombo vya kuona kila mkwaruzo, kisha wakavuta nyaya hizo ndani ya konkriti. Waliona kwamba waya laini huhitaji urefu mwingi zaidi ndani ya konkriti kabla haujashika sawasawa. Tena waliona kwamba hata zile nyaya zenye vibonyeo hazikulingana. Kina cha kishimo na mteremko wa kuta zake vilifanya tofauti kubwa. Na waliona upande wa pili pia. Waya ulioshika kwa ukali kupita kiasi ulisukuma konkriti kando kama kabari inavyopasua kuni, na pale ambapo konkriti iliyoufunika waya ilikuwa nyembamba, ufa ulitokea ukifuata mstari wa waya.

Basi kibonyeo kifupi mno huteleza, na kirefu mno hupasua. Tena kishimo chenye ukingo mkali hudhoofisha waya wenyewe kwa kutikiswa mara nyingi, kama kipande cha bati kinavyokatika mahali palipokwaruzwa. Ndiyo maana viwango vya waya huu huandika kina, urefu na nafasi ya vishimo kwa milimita, pamoja na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Si kazi ya kukisia, wala si kazi ya kununua popote penye bei rahisi.

TARUMA MOJA NA RULA MOJA

Twataka kila mfanyakazi aielewe hesabu ifuatayo. Haihitaji shule kubwa.

Tuchukue taruma lenye urefu wa mita 2.6 kwa reli yenye upana wa milimita 1,435. Reli hukaa kama sentimita 55 kutoka kila ncha ya taruma. Mzigo wa gurudumu hushukia hapo. Kwenye ncha kabisa ya taruma waya haubani kitu, kwa kuwa umekatwa. Nguvu yake huongezeka kadiri unavyoingia ndani, mpaka mahali ambapo umeshika kwa nguvu yake yote. Mahali hapo lazima pawe kabla ya kiti cha reli. Waya ukichelewa kushika mpaka baada ya kiti cha reli, basi gurudumu linakanyaga konkriti ambayo haijabanwa ipasavyo.

Tutajuaje waya umeshika wapi, na hali umezikwa? Waya wenyewe hutuambia. Ukilegezwa, ncha yake huzama kidogo ndani ya konkriti. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, na kwa mvuto ule tuliokwisha kuutaja, waya uliozama milimita 1 na nusu umeshika kwa nguvu yake yote kama nusu mita kutoka kwenye ncha. Taruma hilo ni zima. Waya uliozama milimita 3 utashika kwa nguvu yake yote kufikia mita 1. Hapo kiti cha reli kinapata nusu tu ya mbano, au zaidi kidogo.

Milimita 1 na nusu na milimita 3! Tofauti hiyo ni nyembamba kuliko kiberiti. Lakini mtu mwenye rula na macho mazuri, akitia alama ya rangi juu ya waya kabla ya kulegeza na kuipima baadaye, ataiona. Mtu huyo ni nani? Si mkurugenzi katika ofisi yake ya mjini. Ni yule mwenye msumeno mkononi, aliyeinama mwishoni mwa kitanda. Baada yake hakuna atakayeona tena mpaka siku ya ufa.

MAKOSA YA VIWANDA NA MAKOSA YETU

Yako makosa yanayotoka kiwandani kwa waya. Vibonyeo hupigwa na magurudumu ya chuma yenye meno, ambayo waya hupita katikati yake. Magurudumu hayo yakichakaa bila kubadilishwa, vishimo huwa vya juu juu. Tena waya ukivutwa kiwandani hupakwa sabuni ya kulainisha, na ikibaki juu ya waya huzuia simiti kunata. Makosa haya hayakufanywa nasi, lakini hutufikia sisi kwanza.

Yako pia makosa yetu, na chama kisichowaambia wanachama wake ukweli hakiwafai. Tumeona watu wakipaka fomu mafuta baada ya waya kupangwa, mafuta yakarukia waya. Mafuta yakijaza kibonyeo chenye kina cha karatasi, kibonyeo hicho ni kama hakipo. Paka fomu kwanza, panga waya baadaye, na waya uliopata mafuta upanguswe mpaka uwe safi. Tumeona watu wakikanyaga waya kwa viatu vyenye matope. Tumeona roli likiachwa mvuani miezi mingi mpaka kutu ikaula. Kutu ya unga mwepesi haiudhuru sana, na pengine hata husaidia kushika, lakini kutu iliyochimba chuma huua waya huu uliokazwa, maana ukatikapo hautoi onyo. Na tumeona fundi wa kuchomelea akifunga waya wa mashine yake juu ya nyaya zilizovutwa. Ndugu, cheche moja huharibu ugumu wa chuma hiki mahali pale, na waya ulio na tani 2 na nusu hauhitaji zaidi ya mahali pamoja.

Kosa kubwa kuliko yote ni haraka. Waya ukilegezwa kabla konkriti haijapata nguvu, meno yale ya simiti bado ni mabichi, nayo husagika hata kama vibonyeo ni vizuri namna gani. Tena ukikatwa kwa ghafla kwa moto badala ya kulegezwa polepole kwa jeki, waya hupiga kishindo ndani na kuteleza zaidi. Ndiyo sababu hutengenezwa vipande vya kupimia kutoka konkriti ile ile, vikavunjwa kwa mashine kabla ya kulegeza. Lakini nani analeta haraka? Pale watu wanapolipwa bonasi kwa hesabu ya fomu zilizofunguliwa kwa siku, tajiri ameinunua haraka hiyo kwa fedha yake mwenyewe. Asije baadaye akamlaumu kibarua kwamba alifungua mapema. Bonasi ya namna hii twaikataa. Mtu alipwe kwa ustadi wa kazi yake, na saa ya kulegeza iamuliwe na kile kipande kilichovunjwa, si na saa ya lori kufika mlangoni.

MATAJIRI WATASEMA NINI

Watasema kwamba kukagua waya ni kazi ya mhandisi, na ya kibarua ni kuvuta. Twawajibu hivi. Mhandisi hupima kipande kimoja cha roli, na jambo hilo ni jema. Lakini roli lina maelfu ya mita, na anayepitisha mikono juu ya mita zote ni mfanyakazi. Hatutaki kunyakua kazi ya mhandisi. Twataka aitwe, na aje.

Watasema kwamba watu wakipewa ruhusa ya kukataa, kila mvivu atasema waya ni mbaya. Hili nalo halina nguvu. Waya una cheti chake na karatasi ya kiwango chake, na kina cha kibonyeo hupimwa kwa chombo. Anayekataa bila sababu ataonekana mara moja, kwa kuwa waya hauna upendeleo. Tena jiulizeni, katika ile yadi tuliyoianza nayo, gharama kubwa ilikuwa ipi: kumngoja mhandisi kwa saa moja, au kuvunja mihimili ya kitanda kizima?

Watasema pia kwamba sheria ipo na inatosha. Sheria ipo kweli, na kila mwanachama aijue. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa kazini, na yamkataza mwajiri kuwarudisha watu mahali hapo kabla hajaiondoa hatari. Yasema kwamba mtu aliyeondoka kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama na afya.

Lakini itazameni vizuri sheria hiyo. Inamlinda mfanyakazi kwa hatari iliyo mahali pake pa kazi. Waya ukitishia kukatika na kutupiga, twaweza kuishika. Je, waya ulio laini, usiotishia mtu yeyote leo, ila utakaoteleza miaka mitano ijayo chini ya kitanda cha mtoto wa mtu? Hapo tajiri atasema hakuna hatari kazini, na kwa hiyo umekataa amri tu. Mwenzetu alianguka katika pengo hilo. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa malalamiko. Litazibwa kwa maneno yaliyoandikwa na kutiwa sahihi katika mkataba wetu wa pamoja na waajiri.

Msisahau yaliyotokea Huruma, Nairobi, mwezi wa Aprili mwaka 2016. Jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40. Halikuanguka kwa sababu ya waya huu tunaousema. Lakini wale waliolala humo hawakuweza kuona lililokuwa ndani ya kuta na sakafu zao. Wengi wao walikuwa watu wa kima chetu, wenye mishahara kama yetu. Nyumba tunazozijenga ndizo tunazopanga. Tukikubali kuzika waya mbaya, twaweza kuwa tunauzika chini ya miguu ya ndugu zetu.

TUNAYODAI

Kwa hiyo twatoa shauri kwamba wajumbe wetu, watakapokaa tena na waajiri, wadai mambo haya matano yaandikwe katika mkataba:

1. Kila roli la waya liletwe pamoja na cheti chake, na mjumbe wa wafanyakazi aruhusiwe kukiona. Kama mchoro wataka vibonyeo, karani wa stoo asipokee waya laini.

2. Kila mtu anayevuta, kupanga au kukata waya afundishwe, katika saa za kazi na kwa mshahara wake, kazi ya vibonyeo, hatari ya mafuta na cheche, na namna ya kupima waya uliozama. Mafunzo hayo yahesabiwe katika daraja la mshahara, maana ustadi usiolipwa huhamia kwingine.

3. Mfanyakazi akiukataa waya, kazi ya kitanda hicho isimame mpaka mhandisi auone na kutia sahihi yake. Saa za kungoja zilipwe. Mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu hiyo, awe wa kudumu au kibarua.

4. Daftari liwekwe mwishoni mwa kila kitanda. Humo iandikwe nguvu ya kipande kilichovunjwa kabla ya kulegeza, na milimita ambazo ncha za waya zimezama. Mfanyakazi aliyepima aandike jina lake, na msimamizi aandike lake.

5. Bonasi ya kuhesabu fomu zilizofunguliwa iondolewe, na fedha hiyo iingizwe katika mshahara.

Hakuna jambo hata moja hapo litakalomfilisi tajiri. Rula, daftari na muda wa kumngoja mhandisi ni vitu rahisi kuliko kitanda kimoja cha mihimili iliyovunjwa. Na hakuna jambo hata moja tutakalopewa kwa kunyamaza.

Wajumbe wa yadi zote waulizeni wenzenu juma hili: waya mnaovuta ni wa namna gani, cheti chake kiko wapi, na nani hupima ncha? Leteni majibu kwenye mkutano wa tawi. Na wewe mwanachama, kesho asubuhi roli likifunguliwa, pitisha ukucha wako juu ya waya kabla haujakazwa, wala si baadaye. Ukikwama, vuta. Usipokwama, na mchoro wataka vibonyeo, mwite mjumbe wako, nasi tutasimama nawe. Mwenzetu wa yadi ile alisimama peke yake, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumwondoa.